Riwaya ya Mapenzi Baina ya Jana na Leo

Miongoni mwa tanzu za fasihi ya Kiswahili hapana unaosomwa kwa hamu na kuhakikiwa kwa haya kama riwaya ya mapenzi. Mhakiki akutanapo nayo hutafuta kwanza jambo jingine la kusemea: ukoloni, matabaka, malezi au mila. Mapenzi yenyewe huyapa mstari mmoja katika orodha ya dhamira, kisha akayapita upesi kama mtu apitaye mbele ya baraza ya wakweze. Kwa sababu hiyo swali moja la msingi huachwa kando, nalo ni hili: riwaya ya mapenzi ya wakati uliopita na ile ya wakati wa leo zatofautiana katika nini, na je, zafaa kupimwa kwa kipimo kimoja?

Swali hili si la anasa. Vuta N'kuvute ya Bwana Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999, na Mfadhili ya Bwana Hussein Tuwa, iliyotolewa mwaka 2007, zimesomwa pamoja kwa miaka kadhaa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania. Ya kwanza yasimulia mapenzi ya Unguja katika siku za mwisho za utawala wa Waingereza. Ya pili yasimulia mapenzi ya mjini katika zama za mtungaji mwenyewe. Mwanafunzi aliyepewa vitabu hivi viwili kwa mkono mmoja hufundishwa kuvisoma kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Yafaa kuongeza kitabu cha tatu kilichovitangulia, yaani Kurwa na Doto cha Bwana Muhammad Saleh Farsy, kilichotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1960, kwa kuwa hicho ndicho kinachodhihirisha vema ugumu wa jambo lenyewe.

Kwa kawaida tofauti ya riwaya ya kihistoria na ya kisasa huhesabiwa kwa miaka. Sir Walter Scott, alipotoa Waverley mwaka 1814, riwaya yenye kuhusu maasi ya Uskoti ya mwaka 1745, alitaja katika jina lake la pili kipindi cha miaka 60, na tangu hapo wako wahakiki walioichukua hesabu hiyo kuwa mpaka: lililo mbali kiasi hicho ni historia, lililo karibu zaidi ni habari za leo. Lakini kipimo hiki kikichukuliwa kwa ukamilifu chaleta ajabu. Vuta N'kuvute, ambayo kila mtu huiita ya kihistoria, iliandikwa kabla miaka 60 haijatimia tangu mambo inayoyasimulia. Kurwa na Doto, iliyoandikwa juu ya maisha ya wakati wake, leo imekwisha kuuvuka mpaka huo pasipo kubadilishwa hata herufi. Kitabu ni kile kile. Aliyehama ni msomaji.

Kwa hiyo miaka peke yake haitoshi kupambanua. Kipimo chenye manufaa zaidi ni kuuliza nani anayebeba mzigo wa kueleza. Katika kila riwaya ya mapenzi kuna watu wawili na kizuizi kati yao, na kizuizi hakina nguvu mpaka msomaji akijue. Mtungaji wa mambo ya leo humwachia msomaji sehemu kubwa ya mzigo huo, maana wote wawili waishi chini ya kizuizi kimoja. Mtungaji wa mambo ya jana hana budi kuubeba mwenyewe: akiubeba vibaya hadithi hugeuka kuwa somo la darasani, na akiutupa msomaji haelewi kwa nini wapendanao wasioane tu yakaisha.

Kurwa na Doto ni hadithi ya mapacha wawili wa kike walio mbali kwa tabia, mmoja mpole na mwingine mchangamfu, na ya kijana Faki aliye kati yao. Jina la kitabu laonyesha mara moja imani aliyokuwa nayo mtungaji kwa wasomaji wake. Hakuna haja ya kuambiwa kwamba Kurwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa na Doto ndiye aliyefuata. Aliyezaliwa katika lugha hii alijua, na wa bara aliyezoea kusema Kulwa alijua vile vile. Katika maneno mawili msomaji amekwisha kupewa udugu, utangulizi wa mmoja na ufuasi wa mwingine, na pengine shari iliyojificha ndani ya usawa huo.

Lakini chini ya jina hilo pana jina la pili lisemalo kwamba kitabu ni maelezo ya makazi katika kijiji cha Unguja. Hapa mtungaji yule yule aliyemwamini msomaji wake aahidi kumweleza. Jambo hili limewafanya baadhi ya wasomaji wakione kitabu kuwa nusu hadithi na nusu maandishi ya mila, na kuzihesabu habari za mila kuwa ni mzigo uliomlemea mtungaji. Hukumu hiyo yahitaji kupunguzwa. Kitabu kilichotolewa na shirika la Afrika Mashariki nzima kilitazamiwa kusomwa Tabora na Nairobi kama kilivyotazamiwa kusomwa Makunduchi, na msomaji wa bara wa mwaka 1960 alikuwa mbali na kijiji cha Unguja kwa mahali kama msomaji wa leo alivyo mbali nacho kwa wakati. Bwana Farsy alieleza kwa ajili ya umbali wa nchi, na maelezo yale yale sasa yafaa kwa umbali wa miaka.

Hata hivyo kosa la kweli lipo, nalo ni la wasomaji wa baadaye. Kwa kuwa kitabu kimekuwa hazina ya mila, husomwa kama sanduku la kale linalofunguliwa ili kutoa kimoja kimoja: hapa ada, pale mavazi, kule dawa na uganga. Mapacha wale husahauliwa. Ilhali mila katika riwaya hii ni njia ya kupendea na ya kuonea wivu. Kijijini mtu hana faragha. Anachokitaka moyoni hana budi kukipitisha katika adabu, katika ujirani na katika jamaa, na kila kinachopita huko huonekana. Msomaji anayezitoa ada nje ya mapenzi amebaki na orodha, na anayeyatoa mapenzi nje ya ada amebaki na kisa cha wasichana wawili na mvulana mmoja ambacho kingeweza kutokea popote.

Mzigo wa Bwana Adam Shafi ulikuwa mzito zaidi. Yasmini, binti wa Kihindi, aozwa na wazee wake kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyempita mno kwa umri. Amkimbia, na jamaa zake wamkataa. Apata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma, na huko ampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepigania uhuru kwa siri huku akiandamwa na polisi wa wakoloni. Msomaji wa mwaka 1999 alikuwa ameishi miaka 35 na zaidi baada ya Uhuru wa Desemba 1963 na Mapinduzi ya Januari 1964. Ilikuwa ni juu ya mtungaji kumrudishia mji uliogawanywa kwa kabila, dini na mali, mgawanyiko ambao wenyewe waliouishi hawakuwa na haja ya kuutaja.

Mahali anapofaulu kabisa hatumii maelezo. Amtumia Yasmini anavyokwenda. Neno Ng'ambo latosha kuwa mfano. Kwa kijana wa leo ni jina la mtaa, au ni nchi za nje anakokwenda mtu kusoma. Asili yake ni upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na makazi ya watu wa chini kabla haujafukiwa. Binti aliyetoka katika nyumba ya mawe akaenda kulala Ng'ambo amevuka maji yasiyoonekana tena, na riwaya yamfanya msomaji ayaone kwa kumwonyesha milango inayofungwa nyuma yake. Hivi ndivyo historia inavyoingia katika riwaya ya mapenzi pasipo kupiga hodi.

Mahali anapopungukiwa ni pale historia inaposimama jukwaani. Denge anapozungumza siasa, msomaji husikia mara kwa mara sauti ya mtu ajuaye mambo yalivyokwisha. Hasikii ya mtu aliye gizani akibahatisha. Mpendwa mwenye hakika ya kesho ni mgumu kupendeka, kwa kuwa penzi ni la mtu asiyejua litakalompata. Yasmini hajui, naye ndiye mwenye uhai zaidi. Jina la kitabu, lenye kato la matamshi ya watu wa Unguja, lataja mchezo wa kuvutana kamba, na wengi wamelifasiri kuwa ni mvutano wa mkoloni na mtawaliwa. Lakini kamba ya pili imeshikwa na Yasmini upande mmoja na harakati za Denge upande mwingine, na katika mvutano huo binti ndiye ashindwaye. Kwamba mwisho wa kitabu wamkuta na Bukheti, wala si na Denge, ni ukweli mchungu ambao uhakiki wa siasa huupita haraka.

Kuna jambo zito zaidi ambalo riwaya hailitaji, na ambalo msomaji wake wa kwanza hangeweza kutolijua. Mwaka 1970, Unguja, wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu watu wenye madaraka, na tendo hilo likatetewa kwa jina la kuchanganya makabila. Mtungaji aliyeandika katika miaka ya 1990 juu ya binti wa Kihindi na kijana wa Kiafrika aliandika mbele ya wasomaji wenye kumbukumbu hiyo. Yafaa basi kutazama kilicho kiovu katika riwaya yake. Ndoa inayolaaniwa humo ni ile ya Bwana Raza, ndoa ya watu wa jamii moja, nayo yalaaniwa kwa sababu bibi harusi hakuulizwa. Penzi linalosifiwa ni lile alilolichagua mwenyewe. Si lazima mtungaji awe alikusudia kujibu mambo ya mwaka 1970, riwaya yamjibia. Kabila la mume si haki wala dhuluma; haki ni kuulizwa. Jibu hili halingeweza kutolewa na hotuba yoyote ya Denge, na ni mapenzi yaliyolitoa.

Ukitoka huko ukaingia katika Mfadhili, mzigo waonekana mwepesi. Gaddi Bullah, mtu aliyeumizwa katika ndoa yake ya awali hata akawachukia wanawake, akutana na Dania; na penzi linapoota laingiliwa na saratani ya damu, ugonjwa unaohitaji mtu wa kutoa uboho. Hapana mzazi anayekataza, wala polisi anayevizia. Kizuizi cha kwanza kimo moyoni, na cha pili kimo mwilini. Msomaji hahitaji kuelezwa hospitali ni nini wala mtu aliyeachwa huumia vipi. Ndiyo maana kitabu chaenda mbio, na ndiyo maana vijana wengi hukimaliza kwa usiku mmoja.

Wako wanaosema wepesi huo ni upungufu, kwamba riwaya isiyo na ukoloni wala mgogoro wa jamii haina historia. Wamekosea. Historia imo, ila mtungaji hakuiandika. Imejiandika yenyewe katika maneno. Neno mfadhili latokana na fadhila, na kwa muda mrefu lilimtaja mtu mkarimu amtendeaye mwenziwe wema. Baada ya Uhuru likaingia katika bajeti za serikali na maombi ya vyuo: nchi wafadhili, mfadhili wa masomo. Katika kitabu cha mwaka 2007 limefika kitandani mwa mgonjwa, likimtaja mtu atoaye sehemu ya mwili wake. Bwana Tuwa hakulieleza safari hilo neno, wala hakupaswa. Lakini msomaji wa baada ya miaka 60 atakapolikuta juu ya jalada, atajiuliza ni jamii gani hiyo iliyotumia neno moja kwa hisani, kwa mikopo na kwa damu, na hapo riwaya ya leo itakuwa imekwisha kuwa ya jana.

Aibu ya Mfadhili iko kwingine. Ugonjwa ni kizuizi kisicho na kosa la mtu, nacho huwapa wapendanao huruma ya msomaji bila kuwadai uamuzi mgumu. Yasmini alipaswa kuchagua na kulipa. Pale Gaddi anapopigana na chuki yake mwenyewe, kitabu chafikia kina cha kweli. Pale hatima inapoachiwa maradhi na bahati, kina hicho chapungua. Kipimo hiki kinavifaa vitabu vyote vitatu, cha jana na cha leo: je, wapendanao wamefanya nini na uhuru mdogo waliopewa?

Kutokana na hayo, mambo mawili yawapasa walimu na wahakiki. La kwanza ni kumrudishia msomaji mzigo aliopokonywa na wakati. Chapa mpya ya Kurwa na Doto au ya Vuta N'kuvute yenye sherehe fupi ya maneno, mitaa na ada ingefanya kazi kubwa kuliko orodha kumi za dhamira. La pili ni kuacha kuyaonea haya mapenzi. Filamu aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutokana na Vuta N'kuvute iliwavuta watu kwa Yasmini na Denge kwanza, na siasa ikawafuata. Watazamaji hao hawakukosea njia. Utawala wa Waingereza uliandikwa katika sheria na katika vitabu vya hesabu, navyo vyasomeka. Namna ulivyoingia chumbani mwa binti mmoja na kumnyima usingizi haikuandikwa popote ila katika riwaya ya mapenzi, na anayetaka kuijua hana budi kuisoma kwa jina lake.