Kifundo cha Fundi Rangi

Ukitaka kumjua fundi rangi wa magari, usianze na gari lililokwisha kung'aa. Tazama kifundo cha mkono wake anapopulizia.

Katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, boneti humfikia ikiwa imekwisha kunyooshwa, kupakwa puti, kupigwa msasa wa maji na kukaushwa. Yeye huishika bastola ya rangi sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, mdomo wake ukilitazama bati moja kwa moja. Mkono huanza kusogea kabla kidole hakijabonyeza, na kidole huachia kabla mkono haujasimama. Kifundo hakipindi. Kinachofanya kazi ni bega, na boneti ikiwa pana, miguu nayo hutembea. Mkupuo wa pili hufunika nusu ya wa kwanza, wa tatu nusu ya wa pili, hivyo hivyo mpaka ukingoni. Hakuna haraka wala kusita, na kasi ya mwanzo ndiyo ya mwisho. Naweza kuitazama kazi hiyo asubuhi nzima nisichoke.

Anayejifunza husimama pale pale akapepesa kiganja kulia na kushoto. Bastola basi huchora upinde: katikati iko karibu mno, rangi inajaa na kutiririka, pembeni iko mbali, matone yanakauka hewani na bati linabaki na ukakasi. Na hapa ndipo ninapouheshimu ufundi huu zaidi: mpindo unaoharibu rangi ndio huo huo unaoumiza mkono. Kifundo kikipindishwa siku nzima huku kimebeba bastola yenye kikombe kilichojaa, kano zilizomo ndani yake huvimba, zikabana neva iendayo kwenye vidole. Dalili ya mapema ni ganzi ya usiku katika kidole gumba, cha shahada na cha kati. Fundi mzuri huupitisha mpira wa hewa begani ili uzito wake usimvute mkono, na kila anapoachia mwishoni mwa mkupuo, kidole hupata pumziko lake.

Chombo chenyewe kina asili ya kitabibu. Mwaka 1888 daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Marekani, alibuni kifaa cha kunyunyizia dawa kooni. Mwanawe Thomas akaupeleka ujuzi ule kwenye bastola ya rangi mwaka 1907. Kilichoanza kwa kutibu koo sasa kinaweza kumnyima mtu pumzi. Rangi ya 2K, ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, hutoa ukungu wenye isosayaneti, kemikali inayosababisha pumu. Pua si kipimo chake, maana hudhuru hata pale isiponusika. Na mapafu yakishapata mzio wake, kiasi kidogo tu huamsha shambulio. Wapo waliolazimika kuiacha kazi waliyoimudu kuliko nyingine yoyote.

Kitambaa puani hakizuii kitu, na barakoa ya hospitali pia haitoshi. Kinga ya kuaminika kwa rangi hiyo ni kifuniko cha uso kinacholetewa hewa safi kwa mpira, ndani ya chumba chenye feni ya kutoa ukungu nje. Fundi makini hakivui mara tu anapomaliza, kwa sababu ukungu huendelea kuelea hata baada ya bastola kunyamaza. Subira hiyo naihesabu kuwa sehemu ya ufundi, sawa na mkupuo ulionyooka.

Vifaa hivyo vina gharama, na mara nyingi gharama hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa mteja anapobembeleza bei. Mwenye gari, safari ijayo unapopatana na fundi wako, muulize anavaa nini anapopulizia 2K, na ukubali gharama ya kinga hiyo iwemo katika hesabu.