Mtungi "Uliopimwa" Umepimwa Nini?

Katika karakana moja ya Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, tulionyeshwa mtungi wa chuma wa kuzamia uliofika huko kutoka pwani pamoja na vyuma vingine vya mnada. Fundi alikusudia kuhifadhia humo upepo wa kupulizia rangi magari. Shingoni mwa mtungi kilining'inia kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa maneno mawili tu: "Umepimwa. Unafaa." Tulimwuliza mwandishi wa maneno hayo alikuwa amepima nini. Akajibu kwa uaminifu kabisa kwamba aliutia upepo, akautumbukiza katika pipa la maji, asione povu.

Hatuandiki haya ili kumcheka fundi huyo. Maneno yake yote mawili ni Kiswahili safi, na kwa kadiri ya maana ya kamusi hakusema uongo. Kosa liko upande wetu sisi tunaoshughulika na istilahi, maana tumewaachia mafundi kitenzi kimoja wakibebeshe kazi tatu zisizofanana. Twapima unga na twapima homa. Twapima kiwanja na kitambaa cha suruali. Fundi wa baiskeli hupima mpira kwa kuutia majini, na muuza gesi ya kupikia hupima mtungi kwa mizani. Kila mmoja wao akiandika "umepimwa", nani atamkosoa?

Tuzitazame kazi zenyewe. Ya kwanza ni kuangalia. Mtungi huachwa utoe hewa yote, vali ikafunguliwa na kuondolewa, na taa ndogo ikateremshwa ndani ili jicho lione kutu, vishimo vilivyochimbwa na kutu, na hali ya hesi za shingoni. Baadhi ya mitungi ya zamani ilipakwa rangi kwa ndani ili kuzuia kutu. Rangi hiyo ikianza kubanduka, kutu huendelea kula chuma chini yake pasipo kuonekana. Kazi ya pili ni kutafuta uvujaji, nayo ndiyo aliyoifanya fundi wetu. Ya tatu ni kujaribu chuma chenyewe kama kingali kinastahimili. Hapo mtungi hujazwa maji, si hewa, ukawekwa ndani ya chombo kingine kilichojaa maji, kisha maji ya ndani husukumwa mpaka yapite kwa mbali kiasi ambacho mtungi hubeba kazini. Mtungi hutanuka kidogo, na maji unayoyasukuma nje kwa kutanuka huko ndiyo yanayosomwa kwenye kipimo. Msukumo ukiondolewa, mtungi wapaswa kurudi ulivyokuwa. Ule utanuko usiorudi ukizidi sehemu moja ya kumi ya utanuko wote, mtungi hukataliwa. Kwa kanuni za Marekani jaribio hilo hurudiwa kila baada ya miaka 5, na tarehe yake hugongwa begani mwa mtungi. Maji yamechaguliwa kwa kuwa hayabanwi kwa urahisi kama hewa: mtungi ukishindwa huku umejaa maji, nguvu inayofunguka ni ndogo, ukishindwa huku umejaa hewa, ni bomu.

Dereva yeyote wa Iringa ajua kwamba gurudumu la gari dogo hutiwa upepo wa paundi kama 30. Mtungi wa chuma wa kuzamia wa aina iliyoenea sana zamani hubeba paundi 2,250 kwa kila inchi ya mraba, yaani mara 75 ya gurudumu hilo, na hujaribiwa kwa paundi 3,750. Mbele ya hesabu hiyo pipa la maji halina ushahidi wowote. Chuma kilicholiwa kikabaki chembamba hakitoi povu hata moja mpaka kile kitambo kinapopasuka.

Sasa lipo suala la umri, nalo huwasumbua zaidi watumishi wa serikali kuliko mafundi. Katika orodha za mali inayosubiri kuondolewa ghalani, mtungi wa miaka mingi huandikwa "chakavu". Neno hilo limekwisha kutoa hukumu kabla ya mkaguzi kufika, kwa kuwa chuma chakavu ni chuma cha kuyeyushwa. Anayetaka kuwa mpole huandika "mkuukuu", na hukumu ni ile ile. Lakini mtungi wa chuma uliotunzwa mkavu waweza kupita katika jaribio la maji ukiwa na umri wa miaka 40 na zaidi, ilhali wa miaka 5 ulioingiwa na maji ya chumvi waweza kukataliwa. Moto nao haungoji umri: mtungi uliounguzwa umeharibika hata kama ulinunuliwa jana, kwa sababu joto kali hubadili ugumu wa chuma. Kwa maoni yetu, kabla ya ukaguzi uandikwe "mtungi wa zamani" tu, kwa maana "-a zamani" hutaja wakati na kunyamaza.

Hali kadhalika "umekwisha muda". Tumelizoea katika dawa, ambako maana yake ni kutupa. Likibandikwa kwenye mtungi ambao tarehe yake ya jaribio imepita, storekipa mwangalifu atautupa mtungi mzima, na asiye mwangalifu atakumbuka kwamba mtungi "uliokwisha" katika lugha ya jikoni ni ule unaopelekwa kujazwa. Kwa hiyo kitenzi kimoja chawatuma watu wawili pande mbili, na wote wawili wamekosea. Yafaa kuandika "tarehe ya jaribio imepita": ni maneno marefu zaidi, lakini yasema lililopita ni nini.

Neno "unafaa" lina kasoro nyingine, nayo ni ya sarufi. Kitu hakifai hivi hivi. Hufaa kwa jambo fulani. Mtungi waweza kufaa kwa upepo wa kupulizia rangi usifae kwa pumzi ya mtu. Hewa ikikaa muda mrefu katika mtungi wa chuma wenye unyevu, kutu hula oksijeni iliyomo. Kipimo husoma kwamba mtungi umejaa, naye mzamiaji huzimia chini ya maji akivuta hewa isiyoweza kumwauni. Hapa ndipo tunapolaumu pia mazoea ya pwani ya kuita hewa ya kuzamia "gesi", kama tusikiavyo katika habari za uvuvi haramu wa "mitungi ya gesi". Mzamiaji habebi gesi kwa maana ielewekayo na wengi. Mtu wa Rungwe, ambako kaboni dayoksaidi ya asili huvunwa kutoka ardhini, akisikia gesi hafikirii kitu cha kuvuta puani. Na anayedhani kwamba mtungi wa kuzamia hutiwa oksijeni tupu, kama ule wa hospitali, ajue kwamba oksijeni tupu huwa sumu kwa mzamiaji akishapita mita 6 hivi. Iitwe hewa, basi, na mtungi wake uitwe mtungi wa hewa ya kuzamia.

Neno "mtungi" lenyewe hatuna ugomvi nalo, ingawa wapo wanaopendelea "silinda" kwa kudhani kwamba mtungi ni wa udongo na hauna heshima ya kiufundi. Tunaona kinyume. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vinavyouzwa Matema na kusambaa Mbeya yote, na mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza kabla ya kutoa fedha. Wakaguzi wa mitungi ya chuma nao hugonga kwa nyundo ndogo: sauti safi inayodumu ni dalili njema, sauti iliyofifia huwatia shaka. Udongo ulikwisha kutupa shingo, bega, tumbo na kitako. Silinda ingetudai tuviunde upya.

Lakini mlio peke yake si cheti. Katika shule moja mkoani Iringa kengele ni nusu ya mtungi wa chuma uliokatwa na kutundikwa mtini, nayo hulia vizuri ajabu. Mwalimu alituambia kwamba mtungi huo "ulikufa" zamani. Tulimwambia kwamba msumeno ulifanya kazi ambayo neno lake lisingeweza, kwani katika lugha ya gereji kilichokufa hufufuliwa: betri hufufuliwa, injini hufufuliwa. Kwa mtungi uliokataliwa ambao bado haujakatwa, twapendekeza amri isiyo na fumbo: "Usijazwe tena".

Kwa kazi tatu tulizozitaja, tunapendekeza "kukagua ndani", "kutafuta uvujaji" na "kupima nguvu", na cheti kitaje ipi imefanywa, lini, na mtungi umekubaliwa kwa kubeba nini. Mapendekezo haya tulimsomea fundi wa Mbeya. Mawili ya kwanza aliyakubali. La tatu alilipinga, akisema kwamba "nguvu ya mtungi" kwake ni nguvu ya upepo uliomo, si ya chuma, na kwamba hata hilo "kanieneo" la vitabu vya fizikia, lililoundwa kwa kani na eneo, hakuna mteja alijuaye. Wao husema presha. Juu ya kanieneo hatukukubaliana naye, kwa kuwa presha katika vinywa vya watu imekwisha kuwa ugonjwa. Juu ya nguvu tulinyamaza, maana ana haki. "Kupima uimara" kungeondoa utata huo, ila twahofu kwamba uimara hutajwa pia kwa meza na kwa ndoa. Wasomaji walio karibu na karakana, hasa walimu wa vyuo vya ufundi, wanaombwa watuletee neno walisikialo huko kwa jaribio hili la maji, pamoja na jina la mahali linaposemwa.