Harufu ya Kasisi: Uhakiki wa Lugha ya Waonja Mvinyo

Mwaka jana, wakati wa likizo, nilifanya kazi ya kuhudumia meza katika mkahawa mmoja hapa Kigali. Orodha ya vinywaji iliandikwa kwa Kifaransa, na chini ya kila jina la mvinyo palikuwa na mistari miwili ya maelezo ambayo tuliagizwa tuikariri. Jioni moja aliingia mgeni Mtanzania, mfanyabiashara wa makamo, akauliza mvinyo mwekundu wa Bordeaux una ladha gani. Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha darasani: "Mzee, una harufu ya kasisi, mwaloni na moshi kidogo." Alinitazama, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. "Binti yangu, kasisi ameingiaje kwenye chupa? Au huu ndio ule wa misa?"

Nilikuwa nimelichukua neno la Kifaransa cassis na kulitia irabu mwishoni. Cassis ni tunda dogo jeusi la nchi za baridi. Sijawahi kulishika mkononi wala kulionja, na yule mzee vilevile. Yaani asiyelijua tunda alikuwa anamweleza mwenziwe asiyelijua kwamba mvinyo unanukia tunda hilo. Mzee aliagiza bia.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza maswali mawili. Je, lugha ya waonja mvinyo ni elimu au ni maneno matupu ya kuuzia chupa? Na ikiwa ni elimu, Kiswahili kiipokee vipi?

Wanaosema kwamba ni maneno matupu wana hoja nzito. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Bordeaux, Ufaransa. Waonjaji 54 walipewa mvinyo mweupe wauelezee. Baadaye walipewa mvinyo uleule, ila sasa umetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Mara ya kwanza walitumia maneno ya mvinyo mweupe. Mara ya pili wakatumia maneno ya mvinyo mwekundu. Hawa hawakuwa wapita njia, walikuwa wanafunzi wa fani hiyo. Macho yao yaliiongoza pua, na pua ikafuata bila kuuliza.

Hata hivyo, jaribio hilo linathibitisha kwamba pua hudanganyika, halithibitishi kwamba ndani ya glasi hamna kitu cha kunusa. Wanakemia wameonyesha kwamba baadhi ya mifano ya waonjaji si mashairi hata kidogo. Mvinyo mchanga wa Beaujolais husemwa kuwa unanukia ndizi, na kweli una kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Mvinyo wa zabibu za Syrah husemwa kuwa una pilipili manga. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba wameipata ndani yake kemikali iitwayo rotundoni, ambayo imo pia ndani ya pilipili manga. Mvinyo wa Cabernet Sauvignon hunukia pilipili hoho mbichi kwa sababu kemikali moja imo katika vyote viwili. Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa Riesling, mvinyo mweupe wa Ujerumani. Ukikaa miaka mingi katika chupa hutoa harufu ya mafuta ya taa, na wako wanaousifu kwa sababu hiyo. Mimi niliyesoma shule ya msingi kwa kibatari sikuhitaji kamusi kuelewa sifa hiyo.

Basi lawama yangu siielekezi kwa mifano kwa jumla. Ninaona ni lazima tutenganishe maneno ya aina mbili. Yapo maneno yanayoonyesha, kama ndizi, pilipili manga, mafuta ya taa. Yapo pia maneno yanayosifu tu: mvinyo mtukufu, mvinyo wa kupendeza, mvinyo wenye haiba. Aina ya kwanza inaweza kuhakikiwa, kwa maana msomaji atanusa na kusema kweli au uongo. Aina ya pili haikamatiki. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika orodha ile ya mkahawa niliyaona maneno mengi yakitembezwa.

Aliyeliona tatizo hili mapema ni Ann C. Noble, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake walitengeneza gurudumu la harufu za mvinyo. Ni duara lenye pete tatu: ya ndani ina mafungu makubwa kama matunda, maua na viungo, ya kati inayagawa mafungu hayo, ya nje inataja kitu chenyewe. Maneno ya kusifu hayana nafasi humo. Jambo lililonifurahisha zaidi ni njia ya kufundishia. Mwanafunzi huchukua mvinyo wa kawaida usio na harufu kali, akautia kipande cha tunda au punje za kiungo, akanusa, akaiweka harufu hiyo kichwani pamoja na jina lake. Neno linashikizwa kwenye kitu. Naliona jambo hilo kuwa bora kuliko desturi ya kutoa alama, iliyoenezwa na mhakiki Robert Parker kwa kipimo chake cha alama 50 hadi 100. Ukiniambia mvinyo una alama 92, umeniambia kwamba umeupenda. Hujaniambia utafanya nini kinywani mwangu.

Lakini gurudumu hilo nalo lina mwenyeji wake. Limeyataja moja moja matunda ya vichakani na ya miti ya nchi za baridi, yakiwemo ya cassis. Matunda ya nchi za joto yakapewa fungu moja lenye nanasi, tikiti na ndizi. Ndizi, neno moja! Kwetu mashariki mwa Rwanda, mtoto wa miaka kumi anatofautisha harufu ya ndizi mbichi, ndizi iliyoiva mkunguni, ndizi iliyovundikwa shimoni, na ndizi iliyoanza kuchacha. Simlaumu Noble, kwa kuwa aliandika kwa ajili ya jiko lililo karibu naye. Wa kulaumiwa ni mimi, niliyelibeba jiko la watu mpaka kwenye meza ya mgeni wa Kiswahili bila kuangalia kama ndani ya chungu mna kitu.

Tukija kwenye Kiswahili chenyewe, nakiri kwanza udhaifu wetu. Neno letu la kila siku, tamu, hubeba mizigo miwili: lenye sukari, na zuri. Nyama ni tamu, chai ni tamu, hata hadithi ni tamu. Muuzaji akisema mvinyo huu mtamu, mnunuzi hajui kama anasifiwa bidhaa au anaonywa kuhusu sukari. Upande wa pili, nimeona wafasiri wakiandika "mvinyo mkavu" kwa kufuata Kifaransa na Kiingereza. Kitu kinachomiminwa kinakuwaje kikavu? Kusema "mvinyo usio na sukari" ni kurefuka kidogo, lakini ni kueleweka.

Udhaifu huo usitufanye tusahau hazina tuliyo nayo. Mvinyo mwekundu una tanini, inayotoka katika maganda na mbegu za zabibu na katika mapipa ya mwaloni. Tanini hushikana na protini za mate, ulimi ukakosa utelezi, fizi zikawa kama zimepigwa msasa. Kiswahili hakikuhitaji kusubiri maabara. Hali hiyo ina jina: ukakasi. Kila aliyewahi kung'ata ndizi mbichi anaujua. Vivyo hivyo, tunao ugwadu, ule ukali wa embe bichi na ukwaju, na tunao uchachu, ambao ni wa kitu kilichochacha. Tofauti hii ni muhimu sana kwa mhakiki, maana mvinyo wenye ugwadu ni mvinyo hai, ilhali mvinyo wenye uchachu uliozidi unaelekea kuwa siki.

Nilijaribu mwenyewe. Nilipata chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma, huko Tanzania ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nikaandika hivi: "Una sukari ya wazi. Unanukia zabibu kavu na sukari guru iliyoshika moto kidogo. Ugwadu wake ni mdogo, kama ukwaju uliozidishiwa maji. Ukakasi ni mwepesi, unabaki kwenye fizi kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Mwishoni unapasha koo, kisha udi."

Niliwasomea wenzangu darasani. Mmoja wao, Mwislamu aliyezaliwa Nyamirambo katika nyumba inayozungumza Kiswahili, alinisubiri mlangoni. Alisema kwa upole: "Dada, ugwadu na ukakasi sina neno, ni vya kila mtu. Lakini udi tunafukiza nyumbani kwenye harusi na kwenye maulidi. Ukiutia kwenye pombe umetuvunjia heshima." Nilianza kujibishana naye. Nilimwambia kwamba lugha ni ya wote, na kwamba harufu haina dini.

Usiku nilipoisoma tena insha yangu nikaona kwamba nimeshindwa kwa kipimo nilichokiweka mwenyewe. Nilisema mfano ni mzuri pale msomaji anapokijua kitu kinachotajwa. Wanaoujua udi barabara ni watu ambao wengi wao hawanywi mvinyo. Nami ninayekunywa niliusikia udi mara moja tu, kwenye harusi ya jirani. Udi wangu ulikuwa kasisi wa pili: neno nililolivaa ili nionekane. Nikaufuta. Najua kuna hasara, kwa sababu msamiati wa pwani wa manukato ni tajiri kuliko wowote nilioupata katika lugha ninazozijua. Hata hivyo, hasara hiyo naikubali. Jiko linatutosha, na jikoni kila mtu anaingia.

Tena uhakiki wenyewe si mgeni kwetu. Nyumbani baba hutengeneza urwagwa, pombe ya ndizi. Ndizi huvundikwa shimoni siku chache, zikakamuliwa kwa majani ya ishinge, kisha juisi ikatiwa unga wa mtama na kuachwa ichachuke. Majirani wanapoketi na kupokezana mrija, hawasemi pombe ni tukufu. Wanasema majani yamezidi, au mtama umeungua, au ndizi zilitolewa shimoni mapema. Kila neno lao linamwonyesha baba alipokosea, na mara nyingine hurekebisha. Hicho ndicho ninachokiita uhakiki: maneno ambayo mtengenezaji anaweza kuyafanyia kazi na mnywaji anaweza kuyapima kwa ulimi wake.

Likizo ijayo nitarudi kwenye mkahawa ule. Orodha itakuwa ni ileile, lakini sitaikariri tena. Nikiulizwa habari za mvinyo wa Bordeaux nitasema: "Mzee, hauna sukari. Una ugwadu kiasi na ukakasi kama wa ndizi ambayo haijakomaa, na unanukia pilipili hoho mbichi." Huenda akaagiza bia vilevile. Lakini safari hii atakuwa ameukataa kwa sababu anazozijua.