Lori Moja, Uzito wa Aina Tatu

Lori linapotoka kiwandani Likasi, huko Katanga, Kongo, na magunia ya haidroksidi ya kobalti, linapita kwanza kwenye mizani. Tuseme, ukishatoa uzito wa gari na wa magunia matupu, mzigo ni tani 30. Maabara inachukua sampuli, inaikausha, inakuta nusu yake ilikuwa maji: zinabaki tani 15. Katika hizo 15, kobalti yenyewe ni asilimia 30, yaani tani 4.5. Mwenye lori anadai nauli ya tani 30. Mkuu wa uzalishaji anaandika 15, kwa kuwa mzigo mkavu ndio unaomwonyesha mitambo yake imefanya nini. Mnunuzi wa ng'ambo analipia 4.5, na serikali nayo inaitazama hiyo hiyo 4.5, maana tangu kobalti itangazwe kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018, mrabaha wake ni asilimia 10. Wote wamesema kweli.

Sasa kampuni inataka kununua programu ya biashara, ile inayouzwa ikiwa imekamilika, yenye manunuzi, ghala, mauzo, mishahara na uhasibu ndani yake. Kwenye ukurasa wa bidhaa kuna mahali pa kujaza kiasi. Nani ajaze uzito upi? Mtu anayeuliza swali hilo mapema, mkataba ukiwa bado haujasainiwa, ndiye ninayemwandikia sifa hapa.

Ufundi wake unaitwa usanifu wa shirika. Msanifu analichora shirika zima lionekane kwa mara moja: kazi zinazofanyika humo, taarifa ambazo kila kazi inazihitaji, programu inayozitunza, na mashine zinazoiendesha programu hiyo. John Zachman wa IBM aliuwekea ufundi huu msingi katika makala yake ya mwaka 1987. Jedwali lake la kwanza lilikuwa na maswali matatu: nini, vipi, wapi. Mwaka 1992 yeye na John Sowa wakaongeza mengine matatu, nani, lini na kwa nini. Mimi, kwa mashirika ya Katanga, ningeanza na nani. Uzito mkavu ni mali ya maabara au ya uzalishaji? Nani ana ruhusa ya kuusahihisha, na akishausahihisha, nani lazima ajulishwe? Swali hilo lisipopata jina la mtu, programu ya bei yoyote itajaa namba zinazopingana.

Likasi ni mji unaoelewa michoro mikubwa. Enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville, na kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliupanga kama sehemu ya mtambo mmoja mpana: mawe ya Kambove, kiwanda cha Shituru, umeme wa maporomoko ya Mwadingusha kwenye mto Lufira, na reli ya kuyabeba yote. Mpango ule ulikuwa wa faida ya wenye hisa wa mbali, na mfanyakazi mweusi aliingizwa humo akiwa namba. Hilo halisahauliki. Hata hivyo, kila sehemu ilijua inategemea nini. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha mali hizo, na hatimaye zikaja kuwa kampuni ya serikali, Gécamines. Kisha, kuanzia 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Wengi wao walibeba kichwani mambo ambayo hakuna daftari lililoyaandika: kwa nini sampuli inachukuliwa mahali hapa na si pale, kwa nini ghala fulani lina hesabu yake peke yake.

Ndiyo maana msanifu mzuri huanza kwa kutembea. Anakaa mizanini zamu nzima akitazama karatasi inaandikwa na nani, nakala ngapi, na kila nakala inakwenda wapi. Anaifuata moja mpaka maabara, nyingine mpaka kwa mhasibu. Anauliza swali lile lile kwa watu watatu na kuandika majibu matatu bila kumwambia yeyote kwamba amekosea. Anauliza pia umeme ukikatika inakuwaje. Likasi swali hilo halikwepeki. Jibu zuri huwa ni la kawaida kabisa: kitabu cha stakabadhi chenye namba zinazofuatana, ili lori lililopimwa gizani liingizwe baadaye bila kupotea wala kuingizwa mara mbili. Nimeona michoro ya usanifu yenye rangi za kuvutia ambayo kitabu hicho hakimo. Michoro hiyo ilikuwa ya shirika lingine, lisilokuwepo.

Halafu inakuja sehemu ninayoiheshimu kuliko zote, ya kuamua nani akubali kubadilika: programu au watu.

Chukua uhasibu. Programu nyingi zinafika Kongo zikiwa zimepangwa kwa ajili ya Ufaransa au Ubelgiji. Katika mpango wa hesabu wa Ufaransa, gharama za wafanyakazi huandikwa akaunti ya 64. Ubelgiji ni 62. Kongo ilijiunga na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na katika mpango wa OHADA mishahara iko 66, wakati 64 ni ya kodi na ushuru, na 62 ni ya huduma zinazonunuliwa nje. Anayeiwasha programu ya Kifaransa kama ilivyotoka kwenye boksi ataona mishahara ya mwezi mzima imelala kwenye mstari wa kodi, jumla ikiwa sawasawa kabisa, na kwa sababu jumla ni sawasawa hakuna atakayeshtuka mpaka mwisho wa mwaka. OHADA inataka pia vitabu viandikwe kwa sarafu halali ya nchi, na huku shaba na kobalti zinauzwa kwa dola. Hapa msanifu hana mjadala. Hii ni sheria, kwa hiyo programu ndiyo itakayopangwa upya.

Lakini fomu ya kuomba vifaa ghalani yenye sahihi saba? Akiuliza sahihi ya tano inazuia nini, pengine hakuna anayekumbuka. Hapo programu isiguswe, fomu ndiyo ipunguzwe. Wakuu wengi hutaka kinyume chake. Wanamlipa mtengenezaji aikate na kuiunga programu mpaka ifanane na desturi za ofisi, na miaka michache baadaye toleo jipya linapotoka hawawezi kulipokea, kwa kuwa kila kiungo cha mkono kinavunjika. Wenye programu ya zamani ya kampuni ya SAP wanalijua jambo hili vizuri: matengenezo yake ya kawaida yamepangiwa kukoma mwishoni mwa 2027, na waliobadilisha mengi ndio wenye kazi ngumu zaidi ya kuhama.

Na programu moja haitoshi kamwe. Maabara ina yake, mizani ina yake, na benki ina yake. Tatizo liko pale zinapokutana. Tazama reli. Njia ya Katanga, ya Zambia na ya TAZARA zina upana wa milimita 1,067, hivyo behewa linaweza kutoka Likasi hadi Dar es Salaam. Reli ya Kati ya Tanzania, iliyojengwa na Wajerumani, ina 1,000. Kwa milimita 67 tu, pale Kidatu, reli hizo zinapokutana, mzigo hauwezi kuvuka bila kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. Msanifu anatafuta Kidatu zote za shirika lake kabla hazijamgharimu mtu: mahali ambapo karani ananakili kwa mkono namba kutoka skrini moja kwenda nyingine. Akiipata anaiandika kwenye mchoro, na jina la karani juu yake.

Kazi hii ikifanywa vizuri haina cha kuonyeshwa. Hakuna mtambo mpya wa kuzindua kwa kukata utepe. Kuna karatasi moja kubwa ukutani, inayosahihishwa kwa kalamu kila jambo linapobadilika, na ofisi ambazo zimeacha kugombana juu ya uzito wa lori.

Wakurugenzi wa Likasi, wa migodi, hospitali na shule: kabla ya kumpokea muuzaji na maonyesho yake, mtafuteni mtu wa namna hii. Huenda tayari mnaye, ni yule mhasibu au fundi anayejua karatasi zote zinakwenda wapi. Mpeni miezi, si siku, na mumfungulie milango ya mizani na maabara. Na wale wazee walioondoka Gécamines ambao bado wapo mjini, waiteni leo, muwalipe muda wao, mwandike wanayoyajua.