Kimbari, Halaiki na Kikabila: Si Visawe

Katika insha za wanafunzi wetu kuhusu yaliyotokea Rwanda mwaka 1994, aghalabu tunakuta maneno matatu katika ukurasa mmoja: mauaji ya halaiki, mauaji ya kikabila na mauaji ya kimbari. Wengi huyachukulia kuwa visawe. Je, ni visawe kweli?

Halaiki ni umati wa watu. Nchini Tanzania, hata watoto wanaoonyesha michezo ya mpangilio uwanjani katika sherehe za taifa huitwa halaiki. Kwa hiyo mauaji ya halaiki hutaja wingi wa waliouawa, basi. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 haukulijenga kosa hili juu ya idadi, bali juu ya nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake, kwa sababu ya utaifa, kabila, rangi au dini. Nia hiyo ndiyo iliyopaswa kuthibitishwa Arusha kabla Jean-Paul Akayesu hajatiwa hatiani mwaka 1998.

Mauaji ya kikabila yanapotosha zaidi. Tusemapo vita vya kikabila, msikilizaji huelewa makabila yanapigana. Neno hilo likihamishiwa Rwanda, muuaji na muuawa huwekwa kwenye mizani moja.

Kimbari limetokana na mbari, yaani ukoo. Ubora wake ni kuonyesha kwamba watu waliuawa kwa nasaba yao. Hata hivyo lina kasoro mbili: halibebi kundi la kidini, na ki- yake, kama ile ya kikabila, haisemi nani alimuua nani. Kusema mauaji ya Watutsi pia hakutoshi. Linganisha na mauaji ya majambazi: majambazi waliua au waliuawa?

Kwa maoni yetu, istilahi inayofaa ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hapo dhidi ya hufanya kazi ambayo katika Kinyarwanda hufanywa na kitenzi: jenoside yakorewe Abatutsi, yaani waliyofanyiwa Watutsi.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika halaiki au kikabila, tusiishie kupiga mstari mwekundu. Tumwonyeshe kwamba sarufi nayo hutoa ushahidi, na kwamba ushahidi huo unaweza kuwa wa kweli au wa uongo.