Mkono Mwepesi: Kumtambua Fundi wa Kubambua Ngozi kwa Asidi

Fundi wa kubambua ngozi kwa asidi hapimwi siku ya tano, ngozi ya zamani inapobanduka na mteja akashangilia ile laini iliyo chini yake. Siku hiyo kila fundi huonekana bingwa. Mtazame mteja wiki ya sita. Kwenye ngozi nyeusi doa la kuungua halina haraka: hujitokeza wiki ya pili, ya tatu, hata ya nne, wakati picha za kabla na baada zimeshasambaa kwenye simu na sifa zimeshatolewa. Kwa hiyo nikionyeshwa kazi ya mtu, nauliza kwanza picha ya pili imepigwa lini, na kama mwanga ni uleule. Picha ya kwanza ikiwa imepigwa kwenye kivuli na ya pili mbele ya taa nyeupe, sijaonyeshwa kitu.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Asidi huua tabaka la juu la ngozi kwa makusudi, kwa kina kilichopangwa, na mwili huotesha jingine. Tabaka hilo usoni lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na sakafuni mwake ndiko zinakokaa seli zinazotengeneza melanini. Mtu mweusi na mzungu wana idadi inayokaribiana ya seli hizo. Kinachotofautiana ni kasi ya kazi. Za mweusi zikijeruhiwa humwaga rangi, na rangi hiyo inaweza kukaa miezi mingi. Dawa inayomwacha mtu wa Stockholm na wekundu wa siku chache yaweza kumwachia mtu wa Tanga mabaka ya mwaka mzima. Katika vipimo vya Fitzpatrick, vinavyogawa ngozi madaraja sita, wengi wetu tuko la nne hadi la sita, na kwa madaraja hayo nashikilia kanuni moja bila kulegeza: kina kifupi mara nyingi, si kina kirefu mara moja. Fenoli, inayozama kuliko zote, huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kufuta rangi ya ngozi isirudi tena. Ukisikia inatajwa kwa ajili ya uso mweusi, aga uondoke.

Fundi wa kweli siku ya kwanza hapaki asidi. Anauliza. Unatumia krimu gani, tangu lini, nani alikuandikia? Umewahi kumeza isotretinoini ya chunusi? Midomo yako hutoka malengelenge ya homa? Kovu lako likipona hubaki bapa au huvimba? Una mimba? Aspirini inakudhuru? Swali hili la mwisho huwashangaza wengi, lakini asidi ya salisiliki ni ya ukoo mmoja na aspirini, na anayeliuliza anaijua dawa yake.

Uzito wa mahojiano hayo uko kwenye mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Ngozi iliyopakwa steroidi kali kama klobetasoli kwa miaka imekonda, mishipa inaonekana, ulinzi wake umekwisha, na asidi iliyokusudiwa kuishia juu itapenya mpaka isikotakiwa. Uso wa namna hii hutibiwa kwanza kwa kuachishwa, tena kwa uangalizi, maana steroidi ikikatwa ghafla uso huweza kuwaka na kuvimba. Kisha hupumzishwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Yako pia mabaka ya rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu, juu ya mashavu na pembeni mwa macho, yanayoletwa na kupaka kwa muda mrefu haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza mwaka 1975. Rangi hiyo imelala chini ya tabaka la juu, na asidi nyepesi haiifikii. Anayeahidi kuifuta kwa vikao vitatu ama haitambui ama anakudanganya. Aliye mwaminifu atakuelekeza kwa daktari wa ngozi. Wataalamu wa aina hiyo wanafundishwa hapahapa kwetu: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa tangu 1992 kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika.

Sasa chupa. Iombe uishike mkononi. Wengi husoma asilimia peke yake, na hapo ndipo wanapopotea. Nguvu ya asidi ya glikoliki, ile iliyomo kwenye miwa, hutegemea asilimia na pH kwa pamoja, kwa sababu kinachofanya kazi ni sehemu ya asidi iliyo huru. Kwenye pH ya 3.8 nusu tu ndiyo huru. Basi chupa ya asilimia 70 yenye pH hiyo ina asidi huru ya kama asilimia 35, na chupa ya asilimia 50 yenye pH ya 2 inaipita kwa mbali, kwani karibu yote iko huru. Fundi anayejua hili atakutajia namba zote mbili bila kusita. Chupa isiyo na pH, isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi, au iliyomiminwa kutoka chupa nyingine na kubandikwa karatasi, haifai kukaribia jicho la mtu. Julai 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake wasinunue asidi kali za aina hii na kujipaka wenyewe nyumbani, na chupa za namna hiyo huagizwa hata huku kwa kubonyeza simu.

Kuhusu kuchagua asidi, nina upendeleo na sioni sababu ya kuuficha. Kwa chunusi na madoa yake kwenye ngozi nyeusi, salisiliki ya asilimia 20 hadi 30 ndiyo ninayoiamini. Hupenda mafuta, kwa hiyo huingia kwenye vinyweleo ambako chunusi huzaliwa, na hujizuia yenyewe kwenda mbali. Mwaka 1999 Pearl Grimes, daktari wa ngozi wa Los Angeles, alichapisha matokeo ya wagonjwa 25 wenye ngozi nyeusi aliowapaka mara tano, kila baada ya wiki mbili, baada ya kuwaandaa kwa wiki mbili. Utafiti mdogo, lakini wenye uzito kwetu kwa sababu uliitazama ngozi yetu. Mandeliki, yenye molekuli kubwa inayopenya polepole, huifaa ngozi inayochokozeka upesi. Laktiki ni pole. TCA, yaani asidi ya trikloroasetiki, ya asilimia 10 hadi 20 naikubali mikononi mwa daktari tu.

Mkono wenyewe hujulikana kabla brashi haijaguswa. Tazama anavyofuta mafuta usoni kwa spiriti au asetoni: taratibu, hadi kwenye mikunjo ya pua na pembezoni mwa nywele, kwa nguvu moja. Mafuta yakibaki mahali, asidi itaingia kwa viraka na rangi itatoka kwa viraka. Kisha vaselini kwenye pembe za macho, za pua na za midomo. Kichwa kimeinuliwa, maji ya chumvi ya kuoshea jicho yako wazi mezani, saa inaonekana. Anaanzia kwenye paji la uso, penye ngozi ngumu, na kumalizia karibu na macho. Chozi likidondoka analikausha papo hapo, maana huburuta asidi hadi shingoni, na shingo ina vinyweleo vichache vya kuipa ngozi mpya. Kwenye mstari wa taya anapunguza dawa ili pasibaki mpaka kati ya uso na shingo.

Kuanzia hapo anasoma ngozi, na huu ndio ustadi ninaouheshimu kuliko wote. Salisiliki ikikauka huacha unga mweupe. Ni chembe za dawa tu, ukipitisha shashi yenye maji unatoka, wala hausemi lolote kuhusu kina. Weupe wa TCA ni kitu kingine kabisa: ni protini ya ngozi iliyoganda, haufutiki, na kadiri unavyokolea ndivyo jeraha lilivyozama. Maji hayauondoi, kilichokwisha kuungua kimeungua. Glikoliki haipaswi kuleta weupe hata kidogo. Ukionekana, hata ncha ya kidole, asidi inazimwa mara moja kwa maji ya bikaboneti, hata kama dakika zilizopangwa hazijaisha. Anayechanganya weupe wa aina hizi tatu asishike brashi. Kisha kuna ugumu wa kwetu: vitabu vingi husema subiri wekundu, na kwenye uso mweusi wekundu hujificha, huonekana kama kiza au zambarau hafifu, pengine usionekane. Kwa hiyo fundi hodari huzungumza na mteja muda wote. Inawasha kiasi gani, kutoka moja hadi kumi? Wapi zaidi? Sehemu moja ikianza kuwaka peke yake, anaizima hiyo.

Baada ya kikao hutoki mikono mitupu. Unapewa maelezo ya maandishi: sabuni pole, mafuta ya kulainisha, hakuna kukwangua wala kuvuta ngozi inayoning'inia, krimu za retinoidi zikae kando mpaka uso upone, na krimu ya jua kila asubuhi. Kwa mwenye mabaka ya homoni mashavuni napendelea krimu ya jua yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa kuwa mabaka hayo huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, na krimu nyingi zisizo na rangi hazizuii mwanga huo.

Yapo ambayo kupaka asidi uso mzima hakuyawezi, na makovu yaliyochimbika ndiyo ya kwanza. Kwa vile vishimo vyembamba vya chunusi, kama vimechomwa kwa sindano, kuna njia iliyoelezwa na madaktari wa Korea Kusini mwaka 2002: TCA kali, ya asilimia 65 hadi 100, huguswa kwa ncha ya kijiti ndani ya kishimo pekee, bila kumwagika pembeni, ili ngozi ijijenge upya kutoka chini. Hurudiwa mara kadhaa, na vishimo huwa vifupi bila kutoweka. Kwenye ngozi nyeusi kila nukta inaweza kubaki na duara la giza kwa miezi. Daktari mzuri atakwambia hivyo kabla hajachovya kijiti, atajaribu kishimo kimoja au viwili karibu na sikio, na hatakugusa mahali pengine mpaka mwezi upite.