Ng'ambo ya Nani? Mji wa Unguja katika Riwaya Mbili za Adam Shafi

Miji ya biashara iliyo visiwani huwahadaa wasomaji. Kwa kuwa imezungukwa na maji, hudhaniwa kwamba imejitosheleza, na kwamba mwanzo na mwisho wake ni ufukweni. Mji wa Unguja umepatwa na dhana hiyo mara nyingi katika usomaji wa fasihi ya Kiswahili. Aghalabu mwanafunzi akiulizwa mandhari ya riwaya iliyotungwa humo hutaja vichochoro, milango ya nakshi, baraza za mawe, harufu ya karafuu na matanga ya majahazi, kisha huweka kalamu chini kana kwamba swali limekwisha. Vitu hivyo vipo, wala si aibu kuvitaja. Walakini orodha ya vitu si ujuzi wa mji. Mji hujulikana kwa kuuliza nani anapita wapi, kwa kazi gani, na ametoka upande upi. Riwaya mbili za Adam Shafi, Kuli (1979) na Vuta N'kuvute (1999), zafaa kusomwa kwa maswali hayo.

Katika Kuli mji unatazamwa kutoka bandarini. Rashidi, kijana maskini anayeingia katika kazi ya ukuli, haujui mji kwa kutembea apendako, bali anaujua kwa uzito. Kwake yeye gati, ghala na meli ni vipimo vya siku ya kazi na vya ujira usiotosha. Riwaya imeegemea tukio la kweli, yaani mgomo wa mwaka 1948, ulioanza kwa wafanyakazi wa bandari ukaenea mjini. Hapo ndipo ustadi wa mwandishi unapodhihirika. Kabla ya mgomo makuli hawaangaliwi, ingawa kila kitu chapita mabegani mwao. Mizigo inapolala gatini, ndipo mji mzima unapotambua umesimama juu ya nani. Mji wa biashara hauna siri kubwa kuliko hiyo. Duka laonekana, na daftari la tajiri laonekana, bali bega lililoileta bidhaa halionekani mpaka likatae.

Katika Vuta N'kuvute mji hujulikana kwa kukimbia. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mume aliyemzidi umri mno, anaiasi ndoa ile. Na jamaa zake wanapomkataa, anapokelewa na Mwajuma huko Ng'ambo. Kwa miguu safari hiyo ni fupi, lakini kwa hesabu ya jamii ni ndefu kuliko safari ya Mombasa. Kwa kumfuata Yasmin, na kwa kumfuata Denge, mwanasiasa anayeandamwa na polisi wa mkoloni, msomaji anafundishwa ramani nyingine ya mji: chumba ambamo mtu husitirika, njia ambayo hupitwa usiku, mlango ambao hufunguliwa kwa mtu aliyefungiwa milango mingine yote.

Jina hilo la Ng'ambo lastahili kuangaliwa. Zamani hori la bahari lililitenga eneo la nyumba za mawe na mitaa iliyo mashariki yake, nalo daraja likaziunganisha pande mbili; hori lilipofukiwa katika karne ya 20, jina la Darajani lilibaki. Lakini hakuna mtu aliye ng'ambo kwa nafsi yake. Neno hilo hutamkwa na aliyesimama upande wa pili, naye kwa kulitamka hujifanya yeye ndiye kipimo. Aliyewapa watu wa mashariki jina hilo alikuwa amesimama penye mawe. Adam Shafi anaugeuza mwelekeo wa jicho: anamtia msomaji nyumbani kwa Mwajuma, na kutoka hapo nyumba za mawe ndizo zinazokuwa ng'ambo. Hilo si pambo la riwaya, bali ndiyo hoja yake.

Hapa msomaji wa bara ana la kusema. Vuta N'kuvute imesomwa kwa miaka mingi katika kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania, kwa hiyo imesomwa na vijana wa Karagwe na Kyerwa kama ilivyosomwa na wa pwani. Kijana wa Igurwa, aliyelelewa kati ya migomba na mibuni, huenda hajaiona bahari. Kwake neno ng'ambo laelekeza kwenye mto Kagera, na Rwanda iliyo ukingo wa pili. Mazoea ya ufundishaji humfanya mgeni wa riwaya, mtu wa kuelezwa jahazi ni nini na baraza ni nini.

Mazoea hayo yana upungufu, maana yanaisahau historia. Speke na Grant, waliotoka Unguja mwaka 1860, walipokewa na Mukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861. Nao hawakuwa wa kwanza kufika kutoka pwani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi hiyo hiyo ya Karagwe, na Stanley aliwakuta huko mwaka 1876. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia ya Unyanyembe hadi pwani, zikavuka maji kwenda Unguja. Nguo, shanga na simbi zikapanda. Basi mpagazi wa njia ya Karagwe na kuli wa bandari ni ndugu wa mzigo mmoja, ingawa karne imewatenga.

Nyakati zisichanganywe. Kufikia mwaka 1948 reli pamoja na bandari za Dar es Salaam na Mombasa zilikuwa zimekwisha kuichukua biashara kubwa ya bara, na Unguja ikiishi zaidi kwa karafuu. Hata hivyo nyumba za mawe zilisimamishwa kwa faida ya misafara na ya mashamba, na wengi wa makuli wa bandari ile walikuwa watu waliotoka bara.

Upungufu wa riwaya hizi, kama ni upungufu, uko hapo. Zinalivuka hori kwa ujasiri, lakini haziingii katika bara ya ndani. Yasmin afika Mombasa, nayo ni pwani tena. Yawezekana kujibiwa kwamba mwandishi halazimiki kuandika kila kitu, na jibu hilo ni la haki. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliielekea njia hiyo katika Paradise (1994), iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi: humo kijana Yusuf anafuatana na msafara wa tajiri Aziz hadi ndani ya bara. Lakini hata humo bara huonekana kwa macho ya mtu aliyetoka upande wa pwani. Jicho la Kafuro lenyewe halimo katika vitabu hivi vitatu.

Kwa hiyo lawama haimwangukii mwandishi, bali usomaji unaokoma pale kitabu kilipokoma. Adam Shafi amekwisha kutoa kanuni: mji usomwe kutoka kwa aliyeubeba na kutoka kwa aliyefukuzwa. Yambakia mwalimu kuitumia kanuni hiyo hadi mwisho wake. Mwanafunzi wa Igurwa asiulizwe tu mandhari ya Vuta N'kuvute ni ipi. Aulizwe ni nani alilipa gharama ya mawe yale, na njia ya pembe ilianzia wapi. Atajibu kama mwenye haki katika hadithi hiyo, kwa kuwa watu wa Karagwe waliijua biashara ya mji huo kabla riwaya yoyote haijauandika. Na kwao wao, kisiwa ndicho kilichokuwa ng'ambo.